Simu Nayo Ibishe Hodi

Zinga, nyumbani

Kwa binti yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, ingawa nakuandikia na bado uko chumba cha pili, nakusikia unavyofungua na kufunga zipu ya begi. Mimi niliishia darasa la nne, na barua tulifundishwa huanza kwa salamu. Njia nyingine ya kuanza sina, basi zipokee kama zilizotoka mbali.

Mimi mama yako ni mzima, ila goti la kushoto. Baba yako mdogo Shabani mzima, anakusalimu, na anasema usisahau alichokwambia juu ya kamera, nami nitalifikia hilo. Shangazi yako Mwajuma anakusalimu, amekupikia mkate wa kumimina na kuufunga kwenye karatasi, angalia usije ukaukalia. Mdogo wako Rehema anakusalimu, anajifanya kwamba kuondoka kwako si kitu kwake, lakini leo mchana hakula. Jirani Mama Pili anakusalimu pamoja na watoto wake wote, mpaka yule ambaye hajaanza kusema. Mbuzi naye mzima, amekula ncha ya mkeka wako. Alhamdulillah, wote wazima, isipokuwa marehemu baba yako, ambaye salamu zake tunazibeba sisi kwa dua.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa na kufunga mlango. Hayo nimeyasema mpaka leo asubuhi ukaniambia, "Mama, nimesikia," kwa sauti ile yako ya kunifungia mlango taratibu. Nakuandikia lile uliloniuliza juzi tukipepeta mchele, nami nikainamia ungo nikajifanya sijasikia. Uliniuliza, "Mama, niende na kamera ya baba, au niende na simu yangu tu?"

Nilikusikia. Nilinyamaza kwa sababu nilijua swali limetoka wapi.

Wewe kamera ile huipendi, mwanangu, na hakuna dhambi. Tangu baba yako yuko hai ulikuwa ukisema ni nzito, betri yake haifiki adhuhuri, na kila mtu akiiona anakaza uso kama anapigwa picha ya kitambulisho. Simu ndiyo uliyokua nayo mkononi. Umepiga nayo harusi za hapa Zinga na za Mapinga na Kerege, na watu wanakuita fundi bila kucheka. Sasa Bi Nuru, yule mpambaji maharusi wa Tanga, amekuita ukamfanyie kazi ya picha za upande wa wanawake, na alichosema ni kimoja tu: njoo na chombo chako. Chombo chako ni simu. Kama umeanza kuitaka kamera, ni kwa ajili ya lile la Kerege. Na lile la Kerege lilikuwa langu.

Jana baba yako mdogo alipokuja akaitoa kamera kabatini, akaipuliza vumbi, mimi nilikuwa nawatazama nyote.

"Shemeji," akaniambia, "binti hawezi kwenda kwa watu na simu. Simu hata mimi ninayo. Nani atamwita fundi?"

Ukamjibu, "Simu unayo, baba mdogo, lakini picha zako zote ni za kidole."

Shangazi yako alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Baba mdogo naye alicheka, hana kinyongo yule. Lakini alipomaliza kucheka aliiweka kamera juu ya begi lako, akaenda zake, na wewe hukuiondoa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Zuhura ninayemjua mimi angeiondoa kabla baba mdogo hajavaa viatu.

Sasa nisikilize. Hiyo kazi unayoiendea mimi niliifanya kabla hujazaliwa, na niliifanya vibaya.

Baba yako ndiye aliyekuwa mpiga picha wa huku kote, lakini mwanamume haingii wanakochezewa maharusi. Alikuwa anakaa nje na viatu vya watu, mimi naingia na kamera ndani. Alinifundisha hapa uani kwa kuku. "Piga kuku," ananiambia, nami napiga kuku. Nilipofika kwa watu nikawa nakata vichwa. Mkanda ukirudi kutoka kusafishwa mjini, baba yako anazipanga picha mkekani moja moja, kisha ananitazama: "Mke wangu, hawa wote umewachinja." Hakuwahi kunikemea zaidi ya hapo. Ila kila ninapoingia mlangoni alikuwa akinisisitizia neno moja: nisimalize mkanda kabla mwari, bibi harusi mwenyewe, hajatoka. Mkanda ulikuwa na picha zake zinazohesabika, na ukiisha umeisha.

Kwenye harusi moja hapa hapa Zinga, mama yangu, bibi yako Tabu, alikuwa mpishi. Alikuwa nyuma kwenye mafiga tangu alfajiri. Akaoga, akajifunga kanga mpya, akapaka wanja, na mimi wanja machoni mwa mama yangu sikuwa nimeuona miaka. Akaja akasimama kwenye mlango wa uani, kasimama kweli, mikono imeteremka.

"Nami nipige moja," akasema. "Ya kubaki nayo."

Nikamwambia, "Mama, mkanda umebaki kidogo. Ngoja mwari atoke kwanza."

"Haya mwanangu. Ukibaki."

Mwari akatoka, mkanda ukaisha. Nilipomtafuta mama alikuwa amerudi kwenye mafiga na kanga ya jikoni, wanja umechanganyika na moshi. Hakuniomba tena. Wala siku ile, wala harusi nyingine yoyote, na nilizipiga nyingi naye yupo. Katika picha zote za nyumba hii bibi yako anaonekana katika moja tu, nyuma ya bega la bibi harusi wa watu, ni mkono wake umeshika sinia. Rehema akiniuliza bibi alikuwa na sura gani, namwonyesha mkono.

Ndiyo maana ulipoanza kupiga picha kwa simu nilifurahi kuliko mtu yeyote, ingawa nilikuwa nanung'unika. Niliona chombo kisicho na mkanda wa kuisha. Uliwapiga wamenya vitunguu saumu, uliwapiga wabeba maji, ulimpiga yule mama kiziwi wa nyuma ya msikiti ambaye hakuna aliyewahi kumgeuzia kamera, naye akawa anaomba simu yako kila mkikutana, ajitazame. Hukumwambia mtu yeyote angoje. Nilikuwa nakutazama kutoka mlangoni pangu nasema moyoni, huyu atanilipia.

Mlangoni pangu unapajua. Mimi ndiye mwenye kapu. Kila mwanamke anayeingia kwenye singo ya kumsugua bibi harusi au kwenye kumcheza mwari, simu yake kapuni, nafunika kwa kanga, nakaa pembeni kama kuku anayeatamia. Wanakuja na maneno yao: "Mama Zuhura, niachie tu, nasubiri simu ya mume wangu." Namwambia, "Mumeo akipiga, kapu litapokea." Wanacheka, wanatoa. Wanajua kule ndani nywele ziko wazi na mabega yako wazi, na watu wazima wanacheza ngoma wasizozicheza mbele ya waume zao. Simu moja ndiyo haikuwa inaingia kapuni, nayo ni yako, kwa sababu ulikuwa binti yangu.

Siku ya singo ya Salma kule Kerege tulirudi usiku. Asubuhi ulikwenda mashineni kusaga, ukaacha simu inachajiwa. Bibi yake Salma yuko Miono, miguu haimwezeshi kuja, na alikuwa amenipigia kwenye kitochi changu akilia kwamba mjukuu wake anaolewa yeye hayupo. Mwanangu, nilikuwa nimemkumbuka mama yangu na sinia lake. Nikasema mwanamke huyu simwambii angoje. Uliwahi kunionyesha: unabonyeza hapa, unachagua picha, unabonyeza kishale. Nikachagua iliyo nzuri kuliko zote, ile Salma amefungwa kanga kifuani, liwa usoni, nywele mgongoni, amerusha kichwa nyuma anacheka. Nikabonyeza. Nikaona kiduara kinazunguka, kikaisha. Nikakaa nimeridhika kabisa. Nilidhani nimempelekea bibi mmoja Miono, kumbe nimeibandika ukutani sokoni.

Ilipokaribia adhuhuri Mama Pili akaja mbio bila viatu.

"Mama Zuhura! Mwari wa watu yuko stetasi!"

"Yuko wapi?"

"Stetasi! Kwenye simu ya Zuhura! Fundi baiskeli kamwona, mwalimu wa madrasa kamwona, mume wangu kamwona nikamfunika uso kwa upande wa kanga!"

Mimi hata jina la kitu hicho nilikuwa silijui, wala kwamba picha ikikaa hapo huonwa na kila mwenye namba yako. Wewe ulirudi na unga kichwani, ukaitazama simu, ukaifuta picha, ukakaa chini juu ya gunia. Hukuniambia neno baya. Afadhali ungeniambia.

Aliyewekwa ndani wiki nzima asionekane hata kivuli, bwana harusi wake alimwona kwenye simu akiwa kituo cha bodaboda, na wenzake wakichungulia begani.

Safari ile ya kwenda Kerege unaikumbuka. Tulibisha hodi, hakuna jibu. Tukabisha tena, tukasikia watu ndani wananyamaza. Nikakwambia ya tatu ndiyo ya mwisho, isipoitikiwa tunaondoka, ndiyo ada. Ya tatu ikaitikiwa, na hakuitikia Bi Mgeni, mamake, aliitikia Salma mwenyewe.

Bi Mgeni hakutupa mkeka. Alisema akiwa amesimama, "Wengine tulidhani kapu lina mlinzi." Neno hilo nililistahili, nalibeba mpaka leo. Lakini mimi silo nililokujia nalo kwenye barua hii. Nimekujia na la Salma. Sina hakika kama ulilisikia, maana ulikuwa umeinamisha uso. Nilipomaliza kuomba radhi, akasema kwa sauti ndogo:

"Kutazamwa kumeniuma, mama. Lakini kuna kitu nakizungusha kichwani usiku kucha. Sijui nilipigwa lini. Nilimwona Zuhura kashika simu, nikadhani anasoma ujumbe."

Alitusamehe. Harusi ikapita, bwana harusi hakusema kitu, na wanaishi. Ila siku ya harusi yake Salma alikataa picha. Zote. Wakaja watu na simu, akaficha uso. Akaja mtu na kamera, akaficha uso. Hana picha hata moja ya siku ile. Kwa hiyo wanawake wawili hawana picha kwa ajili yangu mimi: mmoja nilimnyima, mwingine nilimwibia.

Na nilidhani ni wawili tu. Kumbe wa tatu ni wewe. Tangu Kerege hujampiga mtu. Unapiga masinia. Unapiga kanga zikiwa zimekunjwa, na hina kabla haijapakwa mkononi. Wiki iliyopita Rehema alisukwa nywele akaja akakaa mbele yako makusudi, anageuza shingo huku, anageuza kule, na wewe ukapiga picha mkungu wa ndizi uliokuwa nyuma yake. Akaondoka akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyemtuma. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Leo baada ya asri niliitoa ile kamera juu ya begi nikakaa nayo. Nilitaka kujua baba yako angekujibu nini. Sijui, mwanangu, wafu hawasemi na mimi sipendi kuwasemea. Lakini nilikumbuka alivyokuwa akiingia kwenye ua wa watu. Akiinyanyua tu, ua mzima unajiweka sawa. Huyu anavuta kanga, yule anamfuta mtoto kamasi, na asiyetaka anageuka ukutani, naye anamwacha, haulizi kwa nini. Ilikuwa inabisha hodi, kamera ile, kabla haijaingia. Simu haikuja kwetu kwa picha. Ilikuja kwa salamu na habari za misiba, tukaizoea mkononi kama kijiko, na ikaanza kututazama hatujui imeanza lini. Mtu akishika simu, nani ajue anapiga au anasoma?

Nikasema, basi ampe baba yake heshima, aende na kamera. Nikainuka niirudishe begini. Goti likanikatalia nikakaa tena, na nilipokaa nikamkumbuka mama kiziwi wa nyuma ya msikiti, na bibi yako na wanja wake. Kwa kamera ile ungefika Tanga ukamwambia mtu, ngoja, betri inakwisha. Ungesema hivyo mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye asingerudi. Tena Salma aliikataa hata kamera, si ndiyo? Basi hodi haimo ndani ya kamera. Hodi ni ya anayebisha.

Jibu langu, Zuhura, nenda na simu yako.

Kamera nimeirudisha kabatini na ufunguo niko nao mimi, usiitafute asubuhi. Baba mdogo atapiga kelele, niachie mimi. Lakini haitakaa kabatini nzima. Ule ukanda wa ngozi wa kuvaa shingoni nimeuvua. Huo ni wa zamani kuliko kamera yenyewe, ulikuwa wa ile ya kwanza iliyoliwa na chumvi ya pwani, baba yako akauhamishia kwenye hii. Upande wa shingoni umekuwa laini kwa jasho lake. Ulipokwenda kuoga nilichukua kava la simu yako, nikalitoboa pembeni, nikaushona ukanda kwa sindano ya magunia. Mshono si mzuri, mimi si fundi viatu, lakini nimeuvuta kwa nguvu zangu zote na haukatiki.

Simu yako itakaa kifuani, nje ya nguo, kila mtu aione, kama alivyokuwa akionekana baba yako tangu yuko barabarani. Ukiinyanyua, wajue umenyanyua picha. Ngoja kidogo kabla hujabonyeza, atakayegeuka ageuke. Ukitaka kusoma ujumbe, toka nje usomee huko. Hilo moja tu nakuagiza, na nilisema sitakuagiza, nisamehe. Watacheka, watasema mbona umeivalisha simu kamba kama mbuzi. Waache wacheke, anayecheka amekuona.

Na atakayesimama mlangoni na kanga mpya akakwambia nami nipige moja, hata kama ni mpishi, hata kama mwari yuko njiani anatoka, mwanangu, mpige.

Limebaki jambo langu mimi. Jioni nilimwomba Rehema anifungulie picha zako zote. Tulitazama mpaka magharibi ikaadhiniwa. Zinga nzima imo. Mbuzi yumo, mara nyingi kuliko anavyostahili. Nikamwambia Rehema, nionyeshe za dada yako. Akatafuta, akatafuta, akasema, "Mama, dada hayumo." Nikafungua sanduku la baba yako, picha zote zile alizopiga, naye humo sikumwona. Ndivyo walivyo wapigaji. Nitakaa hapa na picha za watu wote, nikiulizwa binti yako yukoje nionyeshe nini? Sinia?

Kwa hiyo ukifika, kabla hujafungua begi, kabla ya mkate wa shangazi, mpe mtu simu akupige. Kichwa kizima, asikuchinje. Itume siku hiyo hiyo kwenye simu ya baba yako mdogo. Nitakaa kibarazani kwake mpaka iingie, na unajua mimi kukaa mlangoni nimezoea. Usichelewe, Zuhura. Ukichelewa saa moja nitasema ni mtandao, ukichelewa ya pili nitaanza kuomba nauli.

Na huyo atakayekupiga, mwambie aseme kwanza, "Zuhura, nakupiga." Nataka uso wa mtu anayejua kwamba mama yake anamtazama.

Mama yako,
Mwanaidi